Mauzo Yalipanda, Mikate Ikapungua

Jumapili moja ya Januari 2024 nilikaa mezani na daftari la bekari, nikajumlisha mauzo ya mwaka mzima uliokuwa umeisha. Jumla ilitoka shilingi milioni 9.8 na ushei. Nikajumlisha tena nikidhani nimeruka ukurasa, ikarudi ile ile. Tangu niwashe tanuri langu pale Magongo, Changamwe, jijini Mombasa, mwaka 2014, hatukuwahi kufikia kiasi hicho. Kaka yangu alikuwa amekuja kunijulia hali, akachungulia daftari, akasema, "Hongera, dada. Mungu amekufungulia."

Nilishindwa kumjibu. Mwaka huo huo nilikuwa nimewaachisha kazi wafanyakazi watatu, na mmoja wao alikuwa nami tangu mkate wa kwanza.

Jambo hilo lilinisumbua siku kadhaa. Nilikuwa na imani kwamba biashara ikikua huongeza watu, na biashara ikifa huwapunguza. Yangu ilikuwa imekua kwenye karatasi na kupungua kwenye meza ya kukandia. Mwishowe nikachukua daftari jingine, lile la stoo, ambamo fundi wangu wa tanuri huandika magunia ya unga yaliyofunguliwa kila usiku. Mzee huyu hana maneno mengi wala maandishi mengi. Huandika tarehe, halafu vijiti: kijiti kimoja, gunia moja.

Mwaka 2019 vilikuwa vijiti vinne kila usiku, siku sita kwa wiki. Gunia la kilo 50 kwetu hutoa mikate 185 hivi ya gramu 400, kwa hiyo tulikuwa tukitoa mikate 740. Mwaka 2023 vijiti vilikuwa vitatu, mikate 555. Robo ya mikate yangu ilikuwa imepotea, nami nilikuwa nikipewa hongera.

Kilichopanda kilikuwa bei tu. Mwaka 2019 niliwauzia wenye maduka mkate kwa shilingi 39. Mwaka 2023 kwa shilingi 57. Na kile kilichoingia kwa mlango wa mbele kilitokea kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2019 nilinunua magunia 1,248 ya unga kwa wastani wa shilingi 3,100. Mwaka 2023 nilinunua magunia 936 kwa wastani wa shilingi 4,600. Magunia 312 pungufu, na bado nililipa zaidi ya laki nne juu ya nilizolipa zamani. Nyongeza yote ya mauzo ilikuwa kama laki nane na nusu, kwa hiyo nusu yake ilimezwa na unga peke yake, kabla sijagusa sukari, mafuta, hamira, kuni na mifuko ya kufungia. Zaidi ya hayo, katika ile milioni 9.8 kulikuwa na karibu laki nne ambazo zilikuwa bado ziko madukani. Zamani wenye maduka walinilipa Jumamosi kwa Jumamosi. Sasa wengine walikuwa wakichukua mkate wa leo na kulipa wa wiki mbili zilizopita.

Usiku ule nilianza safu mpya kwenye daftari langu. Kando ya shilingi nikaandika magunia, na kando ya magunia nikaandika watu. Nimeendelea nayo hadi leo, na nimejifunza mengi kwenye safu hizo mbili kuliko katika miaka kumi ya kuhesabu pesa.

Nilipovirudia vijiti vya mzee nyuma zaidi, niliona kwamba hata 2019 haikuwa kilele chetu. Mwaka 2017 kuna miezi tuliyofungua magunia matano. Magongo, Miritini na Port Reitz zilikuwa hazilali. Malori ya bandarini yalipanga foleni, madereva na utingo walikula vibandani, makarani wa mizigo walikunywa chai saa nane za usiku, na kila chai ilikuwa na mkate. Januari 2018 reli mpya ya SGR ilianza kubeba makontena kwenda Nairobi, na mizigo mingi ikaamriwa ipite huko. Mimi sikuwa na lori hata moja, wala sikuwahi kupakua kontena, lakini kibanda baada ya kibanda kilipunguza oda: kreti mbili ikawa moja, moja ikawa nusu. Septemba 2022 Rais William Ruto alipoapishwa alitangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zitarudi Mombasa, na tulishangilia kwa haki. Ila mama aliyefunga kibanda miaka minne kabla ya hapo na kurudi kwao Taita hakuwa ameketi akingoja tangazo.

Kisha corona. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi 2020, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kuingia wala kutoka, hadi mapema Julai. Bekari ni kazi ya usiku. Vijana wangu wa baiskeli walikuwa wakitoka saa kumi alfajiri ili mkate ufike kabla ya chai. Tulihamishia kazi mchana, watu wakalala humo humo juu ya magunia matupu, na mkate ukafika madukani umepoa. Shule zilikuwa zimefungwa. Tulikuwa watu 11, tukabaki sita. Wengine niliwaambia wangojee. Mwishoni mwa 2021, kafyu ilipokuwa imeondolewa, tulikuwa tisa. Wawili hawakurudi: mmoja alikuwa ameshapata bodaboda, na mwingine sikumpata tena kwa simu. Sikuajiri wengine mahali pao. Hilo nalo nililiona baadaye sana: nafasi ya kazi ikikaa wazi mwaka mzima, mwenye biashara huzoea kuishi bila yake, na hakuna siku mtu anayotangaza kwamba imekufa.

Februari 2022 vita vilizuka Ukraine. Sehemu kubwa ya ngano tunayokula Kenya hutoka nje, na Urusi na Ukraine zilikuwa miongoni mwa wauzaji wetu wakubwa. Ngano hiyo hushukia bandari ya Kilindini, kilomita chache tu kutoka tanuri langu. Nilikuwa nikipita Makupa naziona meli, huku najua kwamba bei ya kilichomo ndani yake imeamuliwa mbali na kwa dola. Dola yenyewe ilikuwa kama shilingi 113 mwanzoni mwa 2022. Kufikia Januari 2024 ilikuwa imegusa 160. Sukari nayo 2023 ilipita shilingi 200 kwa kilo madukani, viwanda vya magharibi vilipositishwa kusaga miwa kwa miezi kadhaa kwa sababu miwa ilikuwa michanga. Mkate wangu kwa sehemu kubwa umeundwa na vitu hivyo viwili, ngano na sukari.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilipunguza donge. Badala ya kupandisha bei mara ya tatu, nilimwambia mzee apunguze gramu 30 kwa kila kopo. Alinitazama, akapunguza. Wiki ya tatu, mwenye duka mmoja wa Mikindani, mtu aliyenunua kwangu tangu mwanzo, aliuweka mkate wangu kwenye mizani yake ya sukari mbele yangu. Hakunipigia kelele. Alisema tu, "Mama, mkate wako umekonda." Nikarudisha gramu zangu siku ile ile, nikapandisha bei, na nikapita duka kwa duka kueleza kwa nini. Nilipoteza wateja kwa bei ile, ndiyo, lakini yule wa Mikindani bado ni wangu.

Wateja nao walikuwa wakifanya hesabu zao. Nilianza kuona madukani kisu kando ya kreti: mwenye duka anakata mkate katikati na kuuza nusu. Familia iliyokuwa ikinunua mkate mzima kila asubuhi sasa ilinunua nusu, au ilinunua mahamri manne kwa jirani, au ilipasha kiporo cha wali. Sikuhitaji ripoti kunieleza kwamba watu wana pesa kidogo. Kisu kile kilinieleza.

Mwaka 2023 yalikuja makato, na hapa ningependa kuwa mwangalifu, kwa sababu watu huyazungumza kwa hasira tu. Chukua mfanyakazi wangu wa shilingi 18,000 kwa mwezi. Kabla ya Februari 2023, mimi nilimlipia NSSF, mfuko wa akiba ya uzeeni, shilingi 200 na yeye akakatwa 200. Sheria mpya ilipoanza kutekelezwa ikawa asilimia 6 kwa kila upande: 1,080 mimi, 1,080 yeye. Julai ikaja ada ya nyumba, asilimia 1.5 kila upande, shilingi 270. Kwa hiyo gharama yangu juu ya mshahara wa mtu yule mmoja ilitoka 200 hadi 1,350 kwa mwezi. Julai hiyo hiyo kodi ya mauzo, tunayoiita TOT, ilirudi asilimia 3 kutoka asilimia 1 iliyokuwapo tangu Aprili 2020. Kodi hii hutozwa kwenye mauzo yote, hata kama faida haipo. Kwa mauzo ya milioni 9.8, ni tofauti ya elfu 98 na elfu 294 kwa mwaka. Na mauzo yangu yalikuwa yamevimba kwa sababu ya bei ya unga! Nilikuwa nikilipa kodi kwa ajili ya vita vya watu wengine.

Lakini akiba ya uzeeni si adui yangu. Mzee wa tanuri ana miaka zaidi ya 60, na amefanya kazi katika bekari za Mombasa tangu ujana wake. Nilipomuuliza ana nini NSSF alinitajia kiasi ambacho hakitoshi kununua tanuri la gesi. Ningetaka sana mabinti wangu wa kufunga mikate wasifike umri wake hivyo. Kinachonielemea ni kwamba kila kitu kilikuja ndani ya miezi sita, juu ya biashara ambayo tayari ilikuwa ikiuza mikate pungufu.

Jirani mmoja wa biashara alinishauri niwageuze watu wote vibarua. "Lipa kwa siku, hakuna karatasi, hakuna makato." Nilimsikiliza. Niliwageuza wale mabinti wawili wa kufunga kwa miezi miwili. Sheria ya Ajira ya 2007 inasema wazi kwamba kibarua akifanya kazi mfululizo kwa mwezi mzima huhesabiwa kuwa mfanyakazi wa kawaida. Nilikuwa naijua, nikajifanya siijui. Mmoja wao aliugua malaria, akakaa nyumbani siku nne bila shilingi, na siku ya tano akaja na homa akafunga mkate huku anatetemeka. Nilimwona, nikamrudisha nyumbani kwa tuktuk, na Jumatatu niliwarudisha wote wawili kwenye mshahara wa mwezi. Wamo hadi leo.

Kwa hiyo nikachagua njia nyingine, ya mashine.

Nilikopa kwenye chama chetu nikanunua mashine ya kukandia, ya mitumba lakini imara, inayobeba nusu gunia kwa mkupuo mmoja. Iliingia mwanzoni mwa Agosti 2023. Nilikuwa na wakandaji watatu. Mashine ilihitaji mmoja. Nilikuwa nimejua hivyo tangu siku niliyoweka oda, na sikumwambia mtu. Niliogopa wangeondoka mapema, au kazi ingelegea. Wao waliijua mashine ilipokuwa ikishushwa kwenye pikapu. Walisimama mlangoni wakiitazama, na mmoja, dada ambaye alianza nami 2014, aliingia ndani kunawa mikono kana kwamba zamu imeisha, nayo ilikuwa haijaanza.

Niliwaaga wawili wao siku ya mshahara, yule dada akiwa mmoja wao. Niliwalipa notisi ya mwezi mmoja, na ile haki ya siku 15 za mshahara kwa kila mwaka wa kazi niliilipa kwa awamu tatu. Mwezi huo huo nilimuachisha kazi pia kijana mmoja wa baiskeli. Walipokwisha kutoka nilikwenda kwa mzee kwenye tanuri, nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, akachochea moto, kisha akasema, "Mwanangu, ungewaambia mwezi uliopita. Mtu akijua mapema hupata pa kuanzia." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kujitetea.

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, karibu na saa nne, umeme ulikatika. Tulidhani ni transfoma ya mtaani. Simu zikaanza kulia: Nairobi hakuna, Kisumu hakuna, nchi nzima imezima. Ndani ya mashine yangu mpya kulikuwa na kilo 25 za unga zimelowa, hazijakandika, na hamira imeshaanza kazi yake. Tanuri letu ni la kuni, mzee alikuwa ameshalipasha, lakini tanuri bila unga uliokandwa ni moto tu. Tulikuwa na mkandaji mmoja.

Nikampigia yule dada. Nilikuwa na haya kiasi kwamba nilianza kwa kumuuliza watoto hawajambo. Akanikatiza: "Mama, umeme umekukuta na unga mashineni?" Nikasema ndiyo. Ilimchukua dakika 20 kufika kutoka Mikindani, nyuma ya bodaboda, mikono yake ikinukia tui la nazi na iliki. Alikuwa anaandaa mahamri ya kuuza asubuhi. Wiki tatu tu tangu nimuachishe kazi, na alikuwa ameshaanza.

Tuliutoa unga ule mashineni kwa mikono, tukaumwaga kwenye meza ya zamani ambayo nilikuwa nimeisogeza ukutani ili kuiuza. Tulikanda wanne: yeye, mkandaji aliyebaki, binti mmoja wa kufunga, na mimi, kwa mwanga wa simu zilizoegemezwa kwenye makopo. Alituongoza. Alikuwa anaujua unga kwa kiganja, anaubonyeza na kusema, "Huu bado, huu tayari." Mimi nilianzisha biashara hii lakini nilikuwa nimeuacha unga kwa miaka mingi, nikawa mtu wa daftari na simu, na mabega yangu yaliniuma siku nne. Hadi alfajiri umeme ulikuwa haujarudi. Mikate 410 ilitoka. Baiskeli iliondoka saa kumi na moja kasoro.

Nilimpa pesa za usiku ule akazihesabu, akarudisha mia mbili. "Za bodaboda nilishalipa mwenyewe," akasema. Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba tangu siku hiyo: kwamba mahamri yake yanauzika, anamaliza vipande 150 kabla ya saa mbili asubuhi, lakini jiko lake la makaa halitoshi, na angekuwa na tanuri angeoka mikate ya sinia pia.

Nilimsikia, nikasema tutaona. Sikufanya lolote kwa miezi mitano. Nchi ilizima tena Novemba na tena Desemba mwaka huo, na mara zote mbili alikuja.

Ndiyo maana nilipokaa na daftari Januari 2024 na kaka yangu akanipa hongera, nilikuwa na uso wa mtu aliyefiwa.

Safu ile ya magunia ilianza kunionyesha mambo niliyoyapita kila siku. Tanuri letu huwashwa saa tatu usiku na mkate wa mwisho hutoka saa kumi na moja. Matofali yake hubaki na joto hadi adhuhuri. Nilikuwa nalipa kuni za saa 15 na kutumia saa nane. Nikamwita yule dada. Alikuja na wenzake watatu, wanawake wa Mikindani na Chaani, mmoja wao mjane. Tulikubaliana waingie saa nne asubuhi, waongeze kuni kidogo kwa pesa zao, waoke mikate ya sinia, keki za vikombe na skonzi hadi saa tisa, na wanilipe kwa trei. Unga tunanunua pamoja: gunia langu na lao huja kwa gari moja, kwa bei ya jumla ambayo peke yao wasingeipata.

Kisu kile cha madukani nacho kilinipa wazo. Nilianza kuoka mkate wa gramu 200, umefungwa vizuri, kwa shilingi 30. Mwenye duka hana tena nusu inayokauka kwenye kreti, na mama anayetuma mtoto na shilingi 30 hapati tena kipande kilichokatwa kwa kisu cha sabuni. Ni mkate mdogo, na faida yake kwa kila mmoja ni ndogo, lakini vijiti vya mzee vilianza kusogea. Vitatu, vitatu, siku nyingine vitatu na nusu.

Juni 2024 nilidhani yote yatabomoka. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulipendekeza VAT ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida. Kwa mkate wangu wa shilingi 57 ilikuwa na maana ya shilingi tisa juu. Wenye maduka walinipigia kila siku kuuliza bei mpya ni ngapi, na mmoja aliniambia atasitisha oda kabisa hadi ijulikane. Tarehe 18 Juni pendekezo hilo la mkate liliondolewa, na baada ya maandamano ya vijana ya tarehe 25, Rais alikataa kuutia saini mswada wote. Watu walikufa katika maandamano yale. Kila nikitaja bei ya mkate ya mwaka ule nawakumbuka, maana walikuwa wakizungumzia pia meza yangu.

Safari hii nilifanya tofauti na nilivyofanya na mashine. Wiki ile ile pendekezo lilipotangazwa niliwakusanya watu wangu saa tatu usiku kabla ya kazi, nikawafungulia daftari, safu zote tatu. Niliwaambia: kodi hii ikipita, tutashuka hadi magunia mawili na nusu, na mmoja wetu atakosa kazi, tuzungumze sasa. Binti wa kufunga aliuliza swali ambalo mimi sikuwahi kujiuliza: "Na magunia yakipanda, mama, unarudisha mtu?" Nikawaambia papo hapo: yakifika matatu na nusu kwa miezi mitatu mfululizo, namrudisha mtu, hata kama shilingi zinasema nini. Mzee akaandika namba hiyo kwa chaki ukutani juu ya tanuri. Iko pale hadi sasa, imefifia kwa moshi.

Namba hiyo ilifikiwa Februari 2025. Nilimpigia kijana wa baiskeli, akarudi.

Mei 2025 Shirika la Takwimu la Taifa lilitoa Ripoti ya Uchumi. Niliisikia kwenye redio nikipakia kreti: mwaka 2024 nchi ilipata ajira mpya 782,300, na kati ya hizo 703,700 zilikuwa katika sekta isiyo rasmi. Mwaka uliotangulia zilikuwa kama 848,000, na 720,900 zilikuwa za huko huko. Mtangazaji alizisoma upesi akaenda kwenye mpira. Mimi nilisimama na kreti mikononi. Kazi tisa katika kila kumi! Nilimfikiria yule dada. Kwangu alikuwa na mshahara wa mwezi, shilingi 690 hivi kwa kila siku ya kazi, mvua ikinyesha au jua likiwaka, na kadi ya hospitali, na mwajiri wa kumchangia uzeeni. Mtu akitoka kwenye kazi kama hiyo na kuanza kukaanga mahamri barabarani, huko ndiko anakohesabiwa, kama ajira mpya. Siku nzuri hubaki na elfu moja. Mvua ya masika ikishika, hubaki na mia mbili na ndoo ya unga uliochacha. Nilimuuliza mara moja kama angependa kurudi kwenye mshahara. Alifikiri kwa muda mrefu, akasema, "Mama, ukinipa mshahara na tanuri la mchana, vyote viwili, narudi." Alisema kwa dhati, na nilimwelewa: alitaka uhakika wa kule na uhuru wa huku. Bado natafuta namna ya kumpa.

Mwezi uliopita nilikwenda kwenye sacco kuomba mkopo wa kujenga tanuri la pili, dogo, la mchana. Karani, binti mpole, alinipa fomu. Mauzo ya mwaka: niliandika. Nikamuuliza kama kuna mahali pa kuandika magunia, akasema hakuna. Idadi ya wafanyakazi: kulikuwa na kisanduku kimoja kidogo, cha tarakimu mbili. Niliandika 7, kisha nikabaki nimeishika kalamu.

"Umekwama wapi, mama?"

"Kuna wengine wanne," nikamwambia. "Sijawaajiri. Lakini wakiondoka, tanuri hili unalonikopesha halina kazi."

Akageuza fomu, akaitazama mbele na nyuma. "Hakuna sehemu yao," akasema. Halafu akanisogezea rula. "Piga mstari hapo pembeni, uandike mwenyewe."

Nikapiga mstari, nikaandika: na wanawake wanne wanaooka mchana. Akasoma, akagonga muhuri.